Mzunguko wa Heshima

Kabla sijaanza, niseme wazi kwamba nchi hii si yako. Nawajua wasomaji wetu, ni wepesi wa kujishuku. Ukikuta humu waziri unayemfahamu, au kona uliyowahi kusimamishwa, jiambie kwamba dunia ni kubwa na mambo hufanana, kisha endelea kusoma kwa amani. Nchi ninayoisimulia iko mbali. Haina jina, kwa sababu kamati ya kulitafuta jina bado iko ng'ambo ikijifunza majina ya wenzetu. Wananchi wake wanawapenda viongozi wao kupita kiasi. Sisi huku tunawapenda kwa kiasi tu.

Katika nchi hiyo walikuwepo watu waliomiliki magari ya mbio. Usiniulize walitaka kukimbilia wapi. Barabara za huko zina matuta mengi kuliko lami, maana kila kiongozi anayezuru mtaa hupenda kuacha kumbukumbu, na kumbukumbu iliyo rahisi kujengwa ni tuta. Lipo Tuta la Uhuru, lipo Tuta la Maendeleo, na mbele ya shule moja yapo matuta pacha yaliyozinduliwa na mawaziri wawili waliokuwa hawaelewani. Gari la mbio, ambalo tumbo lake hukaribia kugusa ardhi, haliwezi kuvuka hata moja bila kuacha ngozi. Kwa hiyo wenye magari hayo waliyafuga nyumbani kama watu wanavyofuga kasuku. Jumapili waliyaosha, wakayafunika, wakayafunua, wakawasha injini kidogo ili majirani wasikie. Wengine waliingia ndani, wakafunga mlango, wakabadilisha gia moja baada ya nyingine gari likiwa limezimwa, kisha wakatoka wakijifuta jasho.

Mmoja wao alikuwa Bwana Badi Shekue, muuza vigae vya sakafuni, mtu mpole, mnene kidogo, mwenye gari jekundu la viti viwili ambalo mkewe alikuwa akiliita mke mwenza. Tangu alinunue hakuwahi kuvuka gia ya tatu. Alipenda kusema kwamba gia ya nne na ya tano ni kama pepo, mcha Mungu anajua ipo ingawa hajaifikia.

Basi Wizara ya Mwendo na Utulivu ilipotangaza kwamba Uwanja wa Taifa wa Mwendo umekamilika, na kwamba kila mwenye gari lake la mbio anaruhusiwa kulileta na kulikimbiza apendavyo bila kizuizi chochote isipokuwa vile vilivyopo, Bwana Shekue alikosa usingizi kwa furaha. Alipoiona tarehe, akakosa usingizi kwa sababu nyingine. Ilikuwa ndiyo siku ya ndoa ya Zuwena, binti yake wa pekee.

Zuwena alikuwa na ombi moja tu kwa baba yake. Siku hizi wazazi wengi humwachia sheikh aseme maneno ya kuozesha kwa niaba yao, wao wakabaki kukagua pilau. Zuwena hakutaka hivyo. Alisema amechoshwa na mambo ya kwa niaba. Cheti chake cha shule alikabidhiwa na mtu kwa niaba ya mtu aliyekuja kwa niaba ya mkuu wa wilaya. Sasa, akasema, ndoa yake angalau, baba yake amshike Hemedi, bwana harusi, mkono na aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Bwana Shekue alitokwa na machozi pale pale. Akamwendea sheikh kumwambia kwamba hampi uwakala, wala hampi mtu mwingine yeyote, na kwa muda wote uliobaki akawa anayakariri yale maneno dukani huku akiwapimia wateja vigae.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu, nami naliweka wazi kwako pia. Asipokuwepo Bwana Shekue, hakuna ndoa. Lakini ndoa ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na uwanja ulifunguliwa asubuhi, na mtu aliyengoja gia ya nne miaka yote hiyo hawezi kukosa akili ya kupanga muda. Alimwambia mkewe kwamba atarudi kabla pilau halijapaliwa moto. Mkewe alilitazama tu lile gari kama mtu anavyomtazama mke mwenza.

*

Getini simu zote zilikusanywa kwenye ndoo za plastiki. Ilikuwa ni kwa usalama wa mgeni rasmi, Mheshimiwa Kitwana Mshihiri, Waziri wa Mwendo na Utulivu, ambaye inasemekana aliwahi kupigwa picha akipiga miayo na taifa likayumba. Ili kuonyesha kwamba sheria ni msumeno, hata simu za maofisa zilitiwa ndooni, na ya Waziri mwenyewe ikawekwa juu kabisa kwa heshima.

Uwanja ulikuwa mzuri, lazima niseme. Lami nyeusi, nyororo, ikizunguka uwanda mkubwa wa majani makavu. Tuta lilikuwa moja tu, mbele ya jukwaa kuu, ili wananchi wapate nafasi ya kumtazama mgeni rasmi anapopita. Mbele kidogo kulikuwa na kivuko cha watoto wa shule. Shule haikuwepo, lakini ilikuwa kwenye mpango.

Bwana Shekue aliegesha karibu na Mwalimu Gaudensia Rwegoshora, mwalimu mkuu mstaafu mwenye gari la kijani. Mwalimu huyu aliwakataza watoto kukimbia koridoni kwa maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alinunua gari liendalo kasi kuliko yote aliyoyaona. Alikuwa amevaa miwani ya pikipiki na kitenge. Alimwuliza Shekue kama ni kweli anaozesha leo. Shekue akasema ni kweli, lakini alasiri, na kwa sababu hiyo angejipanga mwisho kabisa wa msururu, awe karibu na geti, awahi kutoka. Mwalimu akamsifu kwa busara hiyo. Hakika ilikuwa busara, maana busara nayo ina siku zake.

Mgeni rasmi alifika alipofika. Zulia jekundu lilitandikwa juu ya lami, kamati ya mapokezi ikajipanga kwa urefu, shangingi lake lenye bendera likasimama sawia penye ncha ya zulia, naye akateremka na kupanda jukwaani kuhutubia.

"Ndugu wananchi wenye mwendo," alisema. "Wapo wanaosema Serikali yenu inaogopa kasi. Waongo. Serikali yenu ilikuwa na kasi hata kabla ya magari kuvumbuliwa. Lakini kasi isiyo na mpangilio ni vurugu, na vurugu haina kona. Kwa hiyo nawaambia, kimbieni, lakini kimbieni mkiwa mmetulia. Na mimi, kama baba yenu, sitawaacha mkimbie peke yenu."

Makofi yakapigwa, kwa kuwa hakuna aliyesikia vizuri sentensi ya mwisho. Akafafanua. Siku ingefunguliwa kwa Mzunguko wa Heshima. Yeye angetangulia na msafara wake, na magari yote ya mbio yangemfuata kwa adabu, mzunguko mmoja tu, kisha kila mtu angekuwa huru.

Afisa Itifaki, Bwana Sefu Mwinyigogo, mtu mwembamba aliyepigwa pasi pamoja na suti yake, alishika kipaza sauti akakumbusha taratibu ambazo kila mtoto wa nchi ile huzijua kabla ya kujua kuhesabu. Gari lenye bendera halipitwi. Hakuna anayeondoka kabla ya mgeni rasmi kuondoka. Na msafara wa mgeni rasmi, ukishaanza kwenda, hausimami mahali popote isipokuwa penye zulia jekundu na kamati ya mapokezi.

*

Walianza. Mbele pikipiki za polisi, nyuma yake shangingi, kisha gari la walinzi, halafu magari ya mbio, moja baada ya jingine, yakinguruma kama simba waliofungwa kamba. Mwendo ulikuwa wa heshima. Mtu angeweza kutembea kando yake akila karanga asiachwe. Zulia lilikunjwa na kuwekwa pembeni lisikanyagwe na matairi.

Sasa hapa ndipo ulipokuwa ule mkosi. Magari ya mbio yalikuja mengi kuliko Wizara ilivyotarajia, maana Wizara ilitarajia kutotarajia. Msururu ukawa mrefu sawasawa na uwanja. Pikipiki za mbele zilipomaliza duara na kukaribia jukwaa, zilimkuta Bwana Shekue, wa mwisho katika msururu, ndiyo kwanza anaondoka. Duara lilikuwa limejaa. Hapakuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka, seuze zulia. Na pasipo na zulia, msafara hausimami.

Kamati ya mapokezi ilisimama kando ya lami imelibeba zulia mabegani, ikingoja nafasi. Lakini mbele ya msafara alikuwepo Shekue, mbele ya Shekue walikuwepo wenzake, mwisho wa wenzake lilikuwepo gari la walinzi, na mbele ya gari la walinzi lilikuwepo shangingi. Mwenyekiti wa kamati akapendekeza wapunge mkono kuusimamisha msafara. Mwinyigogo alimtazama kwa huruma, akamwuliza ana watoto wangapi. Pendekezo likafa.

Wakazunguka mara ya pili. Wakazunguka tena.

Bwana Shekue, aliyejipanga mwisho ili awahi kutoka, sasa alikuwa mbele ya Waziri. Pikipiki zilimpigia ving'ora kisogoni. Kumtangulia kiongozi ni kosa, hilo alilijua. Alipojaribu kuongeza mwendo awe mbali, akakaribia kuligonga gari la kijani la Mwalimu Gaudensia. Alipopunguza, polisi wa mbele alimwonyesha ngumi. Ikabidi Mwinyigogo atoe ufafanuzi kwa kipaza sauti, kwamba gari jekundu, ijapokuwa liko mbele ya Mheshimiwa, kiutaratibu liko nyuma yake, na wananchi wapuuze wanachokiona. Wananchi walikuwa na mazoezi hayo.

Kila mzunguko walipita mbele ya geti. Geti lilikuwa wazi. Hilo ndilo lililomtesa Shekue kuliko jua, kuliko klachi iliyomkaza mguu, kuliko harufu ya injini zilizozaliwa ili zikimbie na sasa zilikuwa zikichemka kama uji. Nje aliiona barabara, aliona muuza machungwa, aliona mbuzi akivuka bila kuomba kibali. Kisha geti likapita, akaanza tena kulingoja.

"Mwalimu," alimwita yule wa mbele kupitia dirishani, "huu mzunguko mmoja una mizunguko mingapi?"

"Tunza klachi yako, Shekue," alijibu Mwalimu Gaudensia. "Nimekaa kwenye sherehe za Serikali tangu nikiwa msichana. Hazina mwisho. Huwa zinachoka tu."

Mafuta yalipoanza kupungua, watu walipata matumaini. Lakini Wizara haikulala. Bauza la mafuta lilikuja likaenda sambamba na msururu, na vijana wakawa wanatembea na mpira wakijaza tangi moja baada ya jingine huku magari yakienda. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba nchi imekuwa ya kwanza duniani kwa teknolojia hiyo.

Adhana ya adhuhuri ilisikika kwa mbali. Baadaye, mbali vile vile, ikasikika ya alasiri. Bwana Shekue alianza kuyasema kwa sauti ndogo maneno ya kuozesha, akashindwa kuyamaliza. Nitasema kama alivyosimulia mwenyewe, alijiona kama mtu aliyeingia chumbani kuchukua kofia, akafungiwa, na nje anasikia maisha yake yakiendelea.

*

Zuwena alikuja kwa bajaji. Bibi harusi hatoki siku ya ndoa, kila mtu anajua hilo, naye alilijua. Alijitupia baibui juu ya nguo zake za harusi, hina ya mikononi ikiwa bado ina unyevu, akapita geti ambalo lilimkataza mtu kutoka lakini halikusema lolote kuhusu kuingia, akatembea kando ya gari jekundu. Hakuhitaji kuharakisha.

"Baba, watu wameshasali," alisema. "Hemedi amekaa kwenye mkeka. Sheikh amekaa. Mahali pako pako wazi. Toka."

"Siwezi, mwanangu. Nani atoke kabla ya mgeni rasmi?"

"Geti liko wazi."

"Liko wazi, ndiyo. Lakini si unamwona yule askari?"

"Namwona. Amekalia kreti ya soda, anakula hindi. Baba, hana hata filimbi."

Bwana Shekue alimtazama askari. Askari alikuwa akilitazama hindi lake, akilizungusha kutafuta pa kung'ata. Hapakuwa na kizuizi. Hapakuwa na mnyororo. Mguu wa Shekue ulikuwa juu ya pedali na mikono yake ilikuwa kwenye usukani, na gari lilikuwa lake, na binti alikuwa wake. Aliona aibu kali, ile inayompata mzazi mbele ya mtoto, na akafanya alichozoea kufanya kila alipoona aibu. Akaahidi.

"Ngoja mzunguko huu uishe, mama."

"Huu hauishi, baba. Ni duara."

Mlinzi mmoja alikuja mbio akamwuliza yule msichana kama jina lake lipo katika ratiba ya msafara. Zuwena alimpa mgongo. Alimwinamia baba yake dirishani, machozi yakiwa yamemlenga lakini sauti ikiwa kavu.

"Mimi nakungoja. Asije mtu mwingine kusema. Nakungoja wewe."

Wakamtoa nje. Mzunguko uliofuata, Bwana Shekue alipolikaribia geti, alikaza usukani. Nyuma yake king'ora kikalia, mlio mmoja mfupi tu, na mikono yake, peke yake, ikanyoosha usukani. Geti likapita. Alilia, na kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi, Mwalimu Gaudensia alimsikia, naye akapandisha kioo chake ili asimwongezee aibu.

*

Sasa sikiliza jinsi nchi hiyo inavyokwenda.

Zamu za polisi hubadilika jioni, msafara uwe umesimama au unakwenda. Pikipiki mpya zilikuja zikachomekea ubavuni, za zamani zikachomoka. Wale wa zamani walikuwa wamechoka na wana njaa, na makabidhiano yao yalikuwa maneno mawili: hali shwari. Hakuna aliyeeleza habari ya gari jekundu.

Sajini wa zamu mpya alitazama nyuma, kisha mbele. Alikuwa askari makini, aliyepanda cheo kwa kutouliza. Akaona shangingi la Waziri, lenye bendera. Mbele ya shangingi akaona pikipiki za polisi, yaani yeye na wenzake. Na mbele ya pikipiki, likienda taratibu kwa fahari, akaona gari jekundu linalong'aa, lenye mtu mnene mmoja ndani. Sajini aliijua sheria. Hakuna anayeweza kumtangulia Waziri, isipokuwa aliye mkubwa kuliko Waziri. Mtu yule alikuwa amemtangulia Waziri, mbele ya jukwaa, na hakukamatwa. Jibu lilikuwa moja tu.

Sajini akakaza mgongo, akapiga saluti.

Shekue alimwona kwenye kioo. Alidhani anatishwa kwa namna mpya. Walipopita jukwaani, Mwinyigogo aliona askari wanalipigia saluti gari jekundu. Kumbe, akawaza, mabadiliko ya Baraza la Mawaziri yametangazwa, naye hakujua, maana simu yake iko kwenye ndoo. Katika nchi ile, mtu wa mwisho kupiga saluti ndiye wa kwanza kustaafishwa. Akaruka kutoka kitini, akapiga saluti akiwa angali na biskuti mkononi. Jukwaa zima likasimama.

Walipofika getini, askari wa zamu mpya hakuwa amekaa kwenye kreti. Alikuwa amesimama wima, na kwa adabu kubwa akaonyesha kwa mkono barabara ya nje, kama anayeuliza iwapo Mheshimiwa anaondoka.

Bwana Shekue alikata usukani.

Pikipiki zikamfuata, kwa sababu kazi yao ni kufuata ukubwa. Shangingi likafuata pikipiki, walinzi wakafuata shangingi, na magari yote ya mbio yakafuata walinzi, moja moja yakimwagika getini kama shanga zilizokatika uzi. Mbele, ving'ora vilisafisha barabara. Magari yalijibana mitaroni, watu wakasimama vizingitini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bwana Shekue aliingiza gia ya nne. Gari lilivuka Tuta la Maendeleo hewani. Alipiga kelele za furaha, peke yake mle ndani, kama mtoto, na furaha hiyo sitamnyima, kwa maana haikuwa ndefu.

*

Nyumbani watu walisikia ving'ora wakakimbia, kisha wakarudi kuangalia nani anakamatwa. Shekue alisimamisha gari mbele ya turubai la harusi, akateremka, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea kwenye mkeka ambako bwana harusi Hemedi na sheikh walikuwa wamekaa tangu alasiri. Hakufika. Sajini alikuwa amekwisha kumzunguka na vijana wake, na Mwinyigogo, aliyelidandia gari la walinzi lilipopita jukwaani, alikuwa anahema na kutoa maelekezo. Mheshimiwa atembeeje chini? Zulia liko wapi? Kamati ya mapokezi iko wapi? Likatandikwa jamvi la ukumbini, wajomba wa bibi harusi wakapangwa mstari kwa urefu.

Ndipo Waziri Kitwana Mshihiri aliposhuka kutoka kwenye shangingi. Alikuwa amekaa mle mchana kutwa akigonga kioo ili asimamishwe aende msalani, na dereva hakusimama, kwa kuwa hapakuwa na zulia. Alimwona Afisa Itifaki wake mwenyewe ameinama mbele ya muuza vigae. Mawaziri wa nchi ile hawaambiwi kwamba wameshushwa, wanaona tu. Akaona. Akaenda akampa Shekue mikono miwili.

"Hongera sana, Mheshimiwa. Fununu nilizisikia. Mimi niko chini yako, unitumie utakavyo. Ila, kama itakupendeza, naomba kwanza nionyeshwe choo."

"Ndugu zangu," Shekue alisema, "mimi ni Badi Shekue. Mimi ni baba wa bibi harusi."

Wote wakacheka kwa heshima, wakanong'onezana kwamba ni mkubwa asiye na makuu.

Alikalishwa kwenye kiti cha bibi na bwana harusi, kwa kuwa hakikuwepo kingine kikubwa. Kamba ikafungwa mbele yake. Sheikh aliuliza kama sasa walii, yaani baba mwozeshaji, anaweza kuja kwenye mkeka waanze. Mwinyigogo akamjibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Mheshimiwa hakai chini mbele ya umma, wala hatamki neno bila hotuba kuandaliwa, wala hampi mkono mtu asiyekaguliwa. Wakubwa huwakilishwa. Akamgeukia Shekue, akamwuliza sikioni, haraka, kwa unyenyekevu, kama Mheshimiwa anaridhia awakilishwe. Watu wote walikuwa wamesimama kumngoja, vijana wenye bunduki wamesimama, magharibi inakaribia, Hemedi ametokwa jasho kanzu imemganda. Bwana Shekue alitazama kule ndani ya nyumba, mlango ulikuwa umefungwa. Akainamisha kichwa kuridhia.

Waziri, akiwa ametoka msalani na uso umerudiwa na nuru, alikaa kwenye mkeka, akamshika Hemedi mkono. Akamwozesha Zuwena binti Badi kwa sauti nzuri ya jukwaani, kwa niaba ya Mheshimiwa. Hemedi akakubali. Sheikh akasoma dua, vigelegele vikapigwa, na ndoa ikawa halali kabisa, wala asije mtu akaitilia shaka.

Kisha ratiba, ambayo Mwinyigogo alikuwa ameibuni pale pale, ikataka bibi harusi atolewe kumsalimu mgeni rasmi. Zuwena akaletwa kwenye kamba, amevaa dhahabu, macho yake mekundu. Alimtazama baba yake juu ya kile kiti. Wanawake nyuma yake walimsukuma kidogo apige goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Zuwena.

"Zuwena, ni mimi. Mwanangu, ni mimi baba yako."

"Najua ni wewe. Mchana ulikuwa baba yangu, nikakuomba utoke, hukutoka. Geti lilikuwa wazi. Jioni umekuwa mheshimiwa, umetoka." Hakuinua sauti. "Nilikuwa namngoja yule wa mchana."

Bwana Shekue alisimama amfuate. Aliposimama, watu wote wakasimama, maana hakuna anayekaa mkubwa akisimama, na migongo yao ikamziba. Akaketi ili apate kumwona, wote wakaketi, lakini pale kwenye kamba hapakuwa na mtu. Zuwena na mumewe walikuwa wamekwenda zao, bila kumngoja mgeni rasmi aondoke, na inasemekana askari waliokuwa mlangoni walipomwona usoni walimpisha.

Shekue aliomba naye aende. Mwinyigogo akamweleza kwa upole kwamba bado hajahutubia, na mgeni rasmi haondoki kabla ya kuhutubia, na wageni wote, na Waziri, na Mwalimu Gaudensia na wenye magari ya mbio waliojaa mtaani, hawawezi kula mpaka yeye aondoke. Mkewe alikuwa amesimama mbali, karibu na masufuria, mikono kiunoni. Mshereheshaji, kwa heshima na taadhima, akamkaribisha.

Bwana Shekue akasimama, turubai zima likasimama. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akafumbua kinywa ili amwite mwanawe, akaona nyuso zote zile zinazomngoja. Akaishukuru kamati ya maandalizi.